Bomba la Kifuani

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa, na kuna wenzangu wameshaanza kuuliza kama nimeacha kuandika au nimeoa. Hakuna hata kimoja hapo. Kazi ya gazeti imenibana, halafu katikati yake ukatokea msiba mtaani kwa mama mdogo wangu, huku huku Dar. Leo nataka kuongelea kitu nilichokiona kwenye mazishi yale. Mtanivumilia, maana ni habari ya bomba. Na sisemi bomba kwa maana ya kitu kizuri, kama tulivyokuwa tukisema shuleni. Nasema bomba la chuma, la kiwandani, la inchi nane.

Aliyefariki ni mzee jirani, mwenye miaka themanini na ushee. Nikiwa mdogo alikuwa ananipa peremende, nilipokua akahamia kwenye kunipa nasaha za ndoa. Baada ya swala ya adhuhuri jeneza likabebwa mabegani, tukaanza safari ya makaburini kwa ule mwendo wa haraka mnaoujua, watu wanapokezana kila baada ya hatua chache ili kila mmoja apate thawabu yake. Njia inashuka bondeni nyuma ya ukuta wa kiwanda kimoja (jina nalihifadhi), inapita kwenye migomba, halafu inapanda upande wa pili kuelekea barabara kubwa na makaburi. Pale chini bondeni ndipo lilipo bomba. Linakatiza njia, kutoka kushoto kwenda kulia, juu ya nguzo fupi za chuma.

Msafara ukasimama.

Waliokuwa mbele wakasema, "Shusheni." Jeneza likatoka mabegani likashuka hadi magotini. Wanaume wanne wakainama, wakapita upande wa pili, wakapiga magoti kwenye tope na kanzu zao nyeupe. Wengine wakalisukuma jeneza taratibu chini ya bomba, kama unavyosukuma sanduku uvunguni mwa kitanda. Dhikri ilikatika. Kukawa kimya, unasikia tu "polepole, polepole, upande wako". Mjukuu mmoja wa marehemu, sidhani kama amefika miaka sita, akauliza kwa sauti, "Mbona babu anapitishwa uvunguni?"

Hakuna aliyemjibu. Jeneza likainuliwa tena, tukaendelea.

Nimeripoti ajali, migomo na moto wa soko. Sikumbuki lini swali la mtu limenikaa kichwani kama la yule mtoto. Na aibu yangu ya kwanza ni hii: bomba lile nimelipita miaka yote ninayokwenda kwa mama mdogo. Nainama, napita, najipangusa mgongo, naendelea na safari. Mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza maswali, sikuwahi kuuliza.

Basi baada ya khitma nikarudi na tepu ya fundi. Kutoka ardhini hadi tumboni mwa bomba ni sentimita 118. Weka na unene wa bomba lenyewe, mgongo wake unakuwa kwenye kama sentimita 140. Mimi nina sentimita 170 nikiwa nimevaa viatu, kwa hiyo linanifika kifuani. Sasa tafakari urefu huo. Lingekuwa sentimita 20, ungelivuka kwa hatua moja. Lingekuwa mita mbili na nusu, ungesahau kwamba lipo. Sentimita 118 huwezi kuliruka na huwezi kulipita wima. Ukikaa kutafuta kwa makusudi urefu wa kumsumbua binadamu, nadhani utaishia hapo hapo.

Nikakaa kwenye gogo jioni moja, kwa muda wa saa moja na nusu, natazama tu watu wanavyopita. Watoto wa chekechea wanapita wima, wanakimbia, bomba kwao ni dari. Ukitaka kujua mtoto wa mtaa ule amekua, subiri siku anayoanza kuinama. Mama mmoja akaja na ndoo ya maji kichwani. Akasimama, akaishusha, akaipitisha chini, akainama akapita, kisha akanitazama: "Baba, nitwishe." Nikamtwisha. Baada yake akaja mwingine na beseni la vitumbua, naye vile vile. Akaja mjamzito, huyu hakuinama, alizunguka kupitia kwenye mifereji huko chini kwenye matope. Kijana wa bodaboda alizima pikipiki, akailaza karibu na ardhi, akaiburuta. Akanionyesha na kovu kifuani, la usiku mmoja umeme ulipokatika.

Ila nisiwe mwongo. Bomba lina faida zake pia. Kina mama wanaanika khanga, watoto wanabembea, na vijana jioni wanaliegemea kupiga soga. Watu wetu wana kipaji cha kuzoea.

Mama mdogo ndiye aliyeniambia nisichokijua. Kabla ya bomba, bajaji ilikuwa inashuka bondeni, inapanda, inafika mpaka mlangoni. Sasa inaishia ng'ambo. Mzee alipozidiwa, walimbeba kwenye kiti cha plastiki mpaka pale, wakamwinamisha, wakampitisha, ndipo wakampakia. Kwa hiyo alipitishwa chini ya bomba lile mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa hai, na alikuwa akilalamika.

Nikaenda kiwandani. Nilitarajia kufukuzwa getini kama kawaida yetu, lakini mhandisi alinipokea vizuri, akaagiza na chai. Ni kijana, kama ananizidi miaka minne hivi. Nikamuuliza swali moja tu: "Kaka, nani aliamua lile bomba liwe na urefu ule?"

Akafikiri. Akaenda kabatini akarudi na mchoro, akaukunjua mezani. Bomba, alieleza, linatoa maji kwenye visima vya bondeni na kuyaleta kiwandani. Ndani ya uzio limelala kwenye vigingi vya zege, sentimita 30 kutoka ardhini. Hiyo ni desturi ya kawaida ya mafundi: usililaze bomba la chuma moja kwa moja chini, maana litashika unyevu na kutu, na fundi hataweza kuingiza mkono kulifunga flenji, kulipaka rangi au kutoa maji yaliyotuama. Likitoka nje ya ukuta linaendelea kwa mstari ule ule ulionyooka, na mteremko kidogo ili pampu ikizimwa maji yatoke yenyewe. Lakini ardhi ya bonde hainyooki. Ardhi inashuka, bomba halishuki nayo. Kwa hiyo nguzo zinarefuka kadiri unavyokwenda bondeni. Pale kwenye njia zimefika sentimita 118. Mbele zaidi, kwenye mkondo wa maji ambako hapiti mtu, zinafika karibu mita tatu.

"Kwa hiyo hakuna aliyeamua?" nikasema.

Akaweka kidole kwenye mchoro. "Tazama mwenyewe. Hapa hakuna njia."

Kweli, haikuwepo. Palikuwa na mistari ya mwinuko, visima, nguzo zenye namba. Njia ambayo watu wameipita tangu kabla mimi sijazaliwa haikuchorwa. Na kama njia haipo, mwenye ndoo hayupo, bajaji haipo, na jeneza halipo.

Wasomaji wangu, hapa ndipo hoja yangu ilipo. Tumezoea kudhani kwamba kila kitu kibaya kina mtu mbaya nyuma yake aliyekaa akapanga. Sentimita 118 hazikupangwa na mtu. Zilibaki tu baada ya kila kitu kingine kupangwa: pampu, mteremko, bei ya chuma. Watu walikuja kuwa mabaki ya hesabu. Na kwa maoni yangu hilo ni baya kuliko uamuzi mbaya, kwa sababu uamuzi mbaya una mwenyewe, unaweza kumfuata ukagombana naye.

Msiniambie kwamba wahandisi hawajui kufikiria anayepita. Wanajua sana. Ingia ndani ya kiwanda chochote kilichojengwa vizuri uangalie juu. Penye njia ya miguu, mabomba yameinuliwa mita 2.1 au 2.2 angalau, mtu mwenye kofia ya usalama apite bila kujigonga. Panapopita malori na winchi, yamepanda mita tano na zaidi. Penye reli yanapanda zaidi ya hapo. Hakuna muujiza. Mtu mmoja aliuliza mapema: hapa anapita nani, na amebeba nini? Jibu likageuzwa kuwa mita.

Wanauliza kwa sababu gharama ya kutouliza inaweza kuwa kubwa. Tarehe 6 Oktoba 2005, katika kiwanda cha Formosa Plastics huko Point Comfort, Texas, foko iliyokuwa inavuta tela ilikuwa inageuka katikati ya mitambo. Tela likanasa vali ndogo iliyokuwa imetokeza kwenye mfumo wa mabomba ya propilini, likaing'oa. Hiyo ni gesi iliyogandamizwa mpaka kuwa kimiminika, na inawaka kwa urahisi mno. Wafanyakazi 16 waliumia na moto uliendelea siku tano. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali iliangalia, pamoja na mengine, jinsi vali ile ilivyoachwa karibu na njia ya magari bila kizuizi chochote. Vali ndogo, kwenye urefu wa kugongwa na tela. Basi.

Mtasema hiyo ni gesi, na la mtaani kwetu ni maji tu. Sawa. Basi twende kwenye mfano ninaoupenda zaidi, ambao nimeusoma usiku na mchana tangu mazishi yale. Twende Alaska.

Mwaka 1968 mafuta yaligunduliwa Prudhoe Bay, kaskazini kabisa mwa Alaska. Kati ya 1975 na 1977 likajengwa bomba la kuyapeleka kusini mpaka bandari ya Valdez: maili 800, yaani karibu kilomita 1,290, kipenyo inchi 48. Mpango wa mwanzo ulikuwa kulizika sehemu kubwa, kama yanavyozikwa mabomba mengi makubwa duniani. Hata sisi TAZAMA limezikwa, na la gesi ya Mtwara pia. Tatizo la Alaska ni kwamba ardhi ya huko sehemu nyingi imeganda mwaka mzima, na mafuta yanatoka kisimani yakiwa ya moto. Ukilizika bomba la moto kwenye barafu, barafu inayeyuka, ardhi inadidimia, bomba linapinda na kupasuka. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya safari, kama maili 420, bomba likainuliwa juu ya nguzo. Mpaka hapo ni hesabu ya joto tu.

Lakini kulikuwa na wapitaji. Alaska kuna wanyama wa jamii ya kulungu wanaoitwa caribou, jina linalotamkwa karibu sawa na neno tunalomwambia mgeni mlangoni. Wanahama kwa makundi makubwa kila mwaka, kama nyumbu wetu wa Serengeti. Bomba la zaidi ya kilomita elfu likikatiza nchi yao ni sawa na kuwaambia hodi hairuhusiwi. Wakapewa milango. Katika bomba lile kuna sehemu zaidi ya 550 ambazo limeinuliwa makusudi ili wanyama wapite, kila moja na kimo kisichopungua futi 10 na upana wa futi 60. Kuna sehemu nyingine 23 ambazo lilizikwa kwa ajili hiyo hiyo.

Hadithi haikuishia hapo, na hapa ndipo inapofanana na ya mtaani kwetu. Ukiacha bomba kubwa, kuna mabomba madogo ya kutoka visimani. Ya mwanzo kule Prudhoe Bay yaliwekwa chini sana, mengi hayafiki hata mita moja na nusu. Wanyama wakawa wanafika, wanasimama, wanayafuata pembeni kwa masafa marefu. Baadaye miradi mipya ikaanza kuinua mpaka futi 5. Zikafuata hoja za wenyeji, hasa Wainupiat wa kijiji cha Nuiqsut, ambao wanaishi kwa kuwinda caribou. Walisema kitu ambacho mtu wa ofisini asingekifikiria: futi 5 za kiangazi si futi 5 za kipupwe. Theluji inarundikana chini ya bomba, na nafasi inapungua kwa mnyama na kwa mwindaji anayepita na chombo chake cha theluji. Leo futi 5, Februari labda 3.

Mwishowe kanuni za idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi zile, Bureau of Land Management, zikaweka futi 7, zikipimwa kutoka ardhini hadi tumboni mwa bomba. Kama nilivyopima mimi na tepu yangu! Mradi mkubwa wa mafuta wa Willow ulipoidhinishwa Machi 2023, futi 7 zilikuwa ndani yake. Na utafiti uliongeza somo jingine: urefu peke yake hautoshi. Mnyama anaweza kuliogopa bomba la futi 7 kama pembeni yake kuna barabara yenye malori. Ndiyo maana kanuni zikataka bomba na barabara vitenganishwe kwa futi 500 angalau, panapowezekana.

Sitaki kuwapaka mafuta wale jamaa wa Alaska. Meya wa Nuiqsut wa wakati ule, Rosemary Ahtuangaruak, aliupinga mradi wa Willow hadharani, na kwa mwindaji futi 7 hazifuti hasara nyingine zote zinazokuja na visima. Lakini angalau ugomvi wao una namba. Wanaweza kusema "futi 7 hazitoshi, tunataka zaidi". Caribou ana futi zake 7 kwenye karatasi ya serikali. Mama wa mtaani kwetu mwenye ndoo kichwani hana hata sentimita moja aliyoandikiwa.

Nirudi kwa mhandisi wangu, maana sikumaliza chai. Alikuwa na sababu tatu za kutoliinua bomba, na namheshimu kwa sababu alizitaja kwa uwazi. Nilizibeba nikampelekea rafiki yangu tuliyekuwa naye Mlimani, yeye akisoma uhandisi, mimi nikisoma niliyoyasoma.

Sababu ya kwanza: pampu haitamudu kupandisha maji juu zaidi. Rafiki yangu alicheka. Kila mita kumi unazopandisha maji zinakula shinikizo la kama baa moja. Kutoka sentimita 118 mpaka mita mbili na nusu ni nyongeza ya mita 1.3 hivi, yaani baa 0.13. Tena bomba likishavuka njia na kushuka upande wa pili, alimradi limejaa maji, shinikizo lile unalirudishiwa. Kinachopotea kabisa ni msuguano kidogo kwenye elbo nne utakazoongeza. Itabidi uweke na vali ndogo ya kutolea hewa pale juu, maana hewa hukimbilia kileleni na kuziba njia ya maji, na pengine tundu la kutolea maji kwenye kona za chini. Elbo nne, vali moja, nguzo mbili ndefu, na siku mbili za fundi wa kuchomelea. Huo ndio mlima wenyewe.

Sababu ya pili: gharama. Ni kweli, nguzo ndefu ni ghali kuliko fupi, maana inataka msingi mpana zaidi ili isiyumbe. Lakini hakuna anayeomba bomba zima liinuliwe. Tunaomba mita nne. Mita nne za njia! Au kama hawataki kulipandisha, walizike pale pale kwenye njia, ndani ya bomba pana la kulikinga, kwa kina ambacho gurudumu la gari halitalisumbua.

Sababu ya tatu: bomba ni la muda. Hii ndiyo iliyonikera. Bongo yetu hii "ya muda" ni kabila la kudumu. Lakini tuseme ni kweli. Nendeni Berlin, au angalieni picha zake. Mji ule maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa nchi, kwa hiyo wakichimba msingi wa jengo lazima wayapampu yatoke. Wanayapitisha kwenye mabomba ya muda yanayokatiza mji, mengine ya rangi ya waridi, mengine ya bluu, wageni wanayapiga picha wakidhani ni sanaa. Ujenzi ukiisha yanaondolewa. Na kila yanapofika kwenye barabara au mlango wa mtu, yanapanda juu, yanavuka, yanashuka. Uwe wa muda usiwe wa muda, mpitaji anapita wima.

Mhandisi aliniambia "tutaliangalia". Mnaijua hiyo tutaliangalia.

Nikaandika habari, nikaipeleka kwa mhariri. Akasoma aya mbili. "Nani kafa?"

"Mzee mmoja, lakini si kwa bomba."

"Basi bomba limemfanya nini?"

"Limemwinamisha."

Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyefunga siku nyingi. "Mwanangu, kuinama si habari." Labda ana haki yake, gazeti lina kurasa chache na nchi ina mambo mengi. Ndiyo maana naandika hapa. Lakini jamani, tusubiri mpaka bodaboda avunjike shingo ndipo iwe habari? Mpaka mjamzito aanguke kwenye ule mfereji? Tukisubiri hivyo, tutakuwa tumekubali kwamba heshima ya mtu haiandikiki mpaka itoke damu.

Najua wengi mnaosoma hapa ni watu wa vyuo. Mmo wahandisi, mmo wapima ardhi, mmo mnaofanya kazi kwenye halmashauri na mabenki yanayokopesha viwanda. Kesho ni ninyi mtakaoweka sahihi kwenye michoro. Ombi langu kwenu halihitaji shahada nyingine. Kabla ya kuamua urefu wa bomba, tokeni ofisini mkakae kwenye gogo. Nendeni asubuhi watoto wakienda shule, nendeni jioni kina mama wakirudi, nendeni usiku umeme ukiwa umekatika. Uliza nani anapita, amebeba nini, na amekibeba wapi: kichwani, begani au mgongoni. Mwanamke wa kimo cha kawaida akiwa na ndoo kichwani anakaribia mita mbili. Jeneza begani nalo hapo hapo. Bajaji haifiki. Kwa hiyo mita mbili na nusu zingewamaliza wote hawa. Kama kuna siku gari la zimamoto litahitaji kupita, basi ni mita nne na nusu au tano, au zika. Halafu ichoreni njia kwenye mchoro. Tafadhali, ichoreni, hata kama haina lami, hata kama haina jina. Asiyeonekana kwenye karatasi hataonekana kwenye chuma.

Na sisi tusio wahandisi tuna kosa letu. Mtaa mzima tumelizoea bomba miaka yote ile. Hatukuandika barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, hatukupima, hatukuuliza. Tuliinama tu, tena kwa ustadi. Kama Nuiqsut wangenyamaza, futi 5 zingebaki 5. Kwa hiyo wiki iliyopita tumeandika barua, mimi, mama mdogo na majirani kumi na mmoja. Ina ukurasa mmoja. Ndani yake hakuna lawama, kuna vipimo: sentimita 118, sentimita 140, upana wa njia, kimo cha bajaji, na hesabu ya baa 0.13 aliyotupigia rafiki yangu. Mwenyekiti ameipokea na kuigonga muhuri. Nakala imekwenda kiwandani.

Mpaka naandika haya bomba liko pale pale. Kuna mtu, sijui nani, amefunga kitambaa chekundu katikati yake ili wapitaji wa usiku walione. Arobaini ya mzee ni Jumapili ijayo. Nitakwenda, na nitainama kama kawaida, ila safari hii tepu itakuwa mfukoni.

Yule mjukuu atakuwepo. Akiniuliza tena, nataka niwe na jibu la kumpa.

Naomba kuwasilisha.